Sabuni Iliyomo Ndani ya Krimu

Nilikuwa nimesimama mbele ya sinki, nywele bado zinachuruzika maji, nikisoma maandishi ya nyuma ya chupa ya shampuu kwa sababu tu macho yalikosa kazi. Kando yake palikuwa na kopo la krimu ya ngozi kavu, lile kubwa jeupe lisilo na manukato wala madoido, ambalo mtu hushauriwa kulitumia ngozi ikianza kuwasha na kupasuka. Nikaligeuza nalo. Kwenye shampuu, mara tu baada ya maji: sodiamu lorili salfeti. Kwenye krimu, chini huko, karibu na kihifadhi: sodiamu lorili salfeti.

Nikasoma tena, polepole.

Shampuu huondoa mafuta. Krimu huyaleta. Kiambato kimoja kinatafuta nini kote kuwili?

Wiki zilizofuata nilikuwa nageuza kila kopo lililopita mikononi mwangu. Nikitafuta majibu, nilikutana na kambi mbili. Moja inasema salfeti ni sumu, kimbia. Nyingine inasema hata maji ni kemikali, acha woga. Kambi ya kwanza inatisha na ya pili inabeza, na hakuna iliyojibu nilichouliza. Ikabidi nianze chini, kwenye molekuli yenyewe.

## Nani anamkataa nani

Mafuta na maji ni lila na fila, hilo tunalijua. Ila nani hasa anamkataa mwenzake? Nilidhani mafuta. Kumbe mkataaji ni maji. Molekuli za maji hushikana zenyewe kwa zenyewe kwa nguvu, na ya mafuta ikijipenyeza katikati yao haina pa kushikia. Maji yanayoizunguka hulazimika kujipanga upya, na mpangilio huo yanaulipia. Nafuu kwao ni kuyasukuma mafuta yote yakae pamoja, ili eneo la kugusana liwe dogo kabisa.

Sarfaktanti ni molekuli yenye tabia mbili mwilini mwake. Ile ya kwenye shampuu yangu ina mkia wa kaboni 12 zilizopangana mstari, unaopatana na mafuta, na kichwa cha salfeti chenye chaji hasi, kinachopatana na maji. Ukiitia majini, haina raha popote isipokuwa mpakani: kichwa majini, mkia nje, kwenye hewa au kwenye mafuta. Basi hukimbilia mpakani.

Na ikifika mpakani, ule mshikamano wa maji hulegea. Uso wa maji safi kwenye nyuzi joto 25 hujivuta kwa nguvu ya takriban milinyutoni 72 kwa kila mita. Sarfaktanti kidogo tu huishusha hadi karibu nusu. Tone lililokuwa limejikunja kama shanga juu ya ngozi hulala na kutambaa.

Ndiyo siri yote. Mengine ni matokeo yake.

## Binti wa Braunschweig

Nimemgundua mtu niliyepaswa kufundishwa habari zake shuleni. Agnes Pockels alizaliwa mwaka 1862 na akaishi Braunschweig, Ujerumani, akiuguza wazazi na kuendesha nyumba. Vyuo vikuu vya huko havikuwa vikipokea wanawake. Kaka yake, Friedrich, alikuwa akisomea fizikia, na Agnes alisoma vitabu vilivyopitia kwake. Mengine alijifunza kwa kutazama maji ya jikoni.

Aliona kwamba uso wa maji machafu hauna tabia moja na uso wa maji safi, akatengeneza kihori cha bati chenye ukanda wa kusogeza, ili aweze kuubana au kuutanua uso huo na kupima nguvu yake ya kujivuta. Akagundua kwamba ukiubana uso wenye uchafu wa mafuta, mwanzoni hakuna kinachobadilika. Kisha, ukifika eneo fulani, nguvu hushuka ghafla. Hapo ndipo molekuli zimebanana bega kwa bega, hakuna nafasi tena.

Mwaka 1891 alimwandikia Lord Rayleigh, mwanafizikia mkubwa wa Uingereza, akimweleza vipimo vyake. Rayleigh aliifanya tafsiri ya barua ile ichapishwe kwenye jarida la Nature mwaka huohuo. Irving Langmuir, mkemia wa Marekani aliyeiendeleza kazi ya namna hii, alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1932. Mwaka huohuo Agnes, akiwa na miaka 70, alipewa udaktari wa heshima na chuo kikuu cha ufundi cha mji wake.

Sisemi zaidi. Kila mtu na ahesabu mwenyewe.

## Mpakani pakijaa

Swali la Agnes lina mwendelezo: uso ukishajaa, sarfaktanti inayoongezwa inakwenda wapi?

Inajikusanya. Molekuli huungana ndani ya maji, mikia ikijificha katikati, vichwa vikitazama nje. Kikusanyo hicho huitwa miseli. Kwa sodiamu lorili salfeti, miseli moja hubeba molekuli kama 60, na huanza kuundwa pale kiasi kinapofika gramu 2.4 hivi kwa lita moja ya maji. Chini ya hapo, hakuna miseli. Juu yake, karibu kila unachoongeza huwa miseli.

Kuosha ni hapo. Sarfaktanti hujipenyeza kati ya mafuta na ngozi, huyainua, huyavunja kuwa vitone, na kila kitone huvishwa vazi la vichwa vyenye chaji hasi. Vitone vyenye chaji moja husukumana, kwa hiyo havirudi kuungana. Mafuta kidogo zaidi huingia ndani ya miseli zenyewe. Kisha unasuuza.

Niliporudia sentensi hiyo kichwani ndipo kitu kilipogonga. Vitone vya mafuta vilivyotawanyika majini, vimevishwa vazi linalozuia visiungane: hiyo ndiyo maana kamili ya emulsheni. Na krimu ni emulsheni.

Kwa hiyo nikioga natengeneza emulsheni, kisha naimwaga. Kiwandani wanatengeneza emulsheni, kisha wanaifunga kwenye kopo.

Povu, kwa taarifa ya wanaolipenda, halioshi. Povu ni hewa iliyovishwa sarfaktanti ileile, na mafuta mengi hulivunja. Ndiyo maana nywele chafu hazitoi povu mzunguko wa kwanza na hufurika mzunguko wa pili. Watengenezaji wanalijua hilo, na wanajua pia kwamba tusipoona povu tutasema bidhaa haifanyi kazi, basi wanaongeza viambato vya kulitunza povu kwa ajili ya macho yetu. Hata uzito wa shampuu mara nyingi ni chumvi ya kawaida. Chumvi hupunguza msukumano wa vile vichwa, miseli hurefuka kutoka vidonge kuwa nyuzi ndefu, nyuzi hunasana, na kimiminika huwa kizito. Ukizidisha chumvi, kinarudi kuwa chepesi. Uzito wa shampuu haukuambii kitu kuhusu ubora wake.

## Ugomvi ulioahirishwa

Kutengeneza emulsheni ya kumwaga ni rahisi, kwani inahitaji kudumu dakika moja tu. Ya kukaa koponi kwa miaka miwili ni kazi ya mtu mzima.

Chukua mililita moja ya mafuta. Ivunje iwe matone yenye kipenyo cha mikromita moja. Jumla ya uso wa matone hayo ni mita za mraba 6, chumba kidogo. Mita za mraba 6 za mpaka ambao maji hayautaki, kutoka mililita moja! Kila tone lingependa kukutana na mwenzake na kupunguza eneo hilo. Emulsifaya, yaani sarfaktanti inayoyavisha matone, haifuti tamaa hiyo. Huichelewesha. Kila krimu, hata ile ya bei ya kutisha, ni ugomvi ulioahirishwa.

Matone makubwa huharibu mambo haraka, kwa sababu kasi ya tone kupanda juu hufuata mraba wa ukubwa wake: ukipunguza kipenyo kwa nusu, kasi hushuka hadi robo. Ndiyo sababu ya mashine za kukorogea zenye mwendo mkali. Na ndiyo sababu ya alkoholi zenye mafuta, kama setearili, ambazo watu huzikimbia kwa kuona neno alkoholi wakati ni vipande vya nta, havikaushi ngozi. Hizi husimama kati ya molekuli za emulsifaya mpakani, zikiziba mianya. Zikizidi, huenda kwenye maji ya nje na kujipanga tabaka juu ya tabaka, wavu laini unaoyashikilia matone yasitembee. Mwili wa krimu unaousikia vidoleni ni wavu huo kuliko mafuta yenyewe.

Weupe wake pia si rangi. Matone huutawanya mwanga, basi.

## Nani akae nje

Hili lilinichukua muda kulikubali. Mafuta ndani ya maji, au maji ndani ya mafuta: nilidhani kilicho kingi ndicho kinachokaa nje. Sivyo. Kanuni iliyotolewa na Wilder Bancroft, mkemia wa Marekani, miaka zaidi ya mia iliyopita, inasema upande ambao emulsifaya inayeyuka vizuri zaidi ndio unaokuwa nje. Unaweza kuwa na mafuta mengi kuliko maji, na bado maji yakawa nje.

Mwaka 1949 William Griffin, aliyefanya kazi kwenye kampuni ya Atlas Powder, aliigeuza kanuni hiyo kuwa alama, na baadaye akazitolea hesabu: chukua sehemu ya molekuli inayopenda maji, igawe kwa uzito wa molekuli nzima, zidisha kwa 20. Alama kati ya 3 na 6, emulsifaya itaweka maji ndani ya mafuta. Kuanzia 8 na kuendelea, mafuta yatakaa ndani ya maji. Hesabu hii ilifaa kwa emulsifaya zisizo na chaji, na ina matundu yake, lakini watengenezaji bado wanaanzia hapo.

Vidole vinatambua tofauti bila hesabu. Ile ambayo maji yako nje huenea haraka, hupoza, huoshwa kirahisi. Ile ambayo mafuta yako nje ni nzito, hubaki, na hustahimili maji. Ukitaka uhakika, dondosha kidogo kwenye glasi ya maji: ya kwanza itatawanyika kama wingu, ya pili itakaa pale kama donge.

Kuna jambo dogo hapa ambalo silisikii likisemwa. Emulsifaya haichagui cha kushika. Polisorbeti 80, emulsifaya mojawapo, ikiwa nyingi huvuta hata parabeni, ambazo ni vihifadhi, ndani ya miseli zake, na kihifadhi kilichofungiwa ndani ya miseli hakiui bakteria waliopo majini. Krimu inaweza kuwa na kihifadhi cha kutosha kwenye karatasi na bado ikaota ukungu.

## Asilimia 0.9

Nirudi kwenye kopo langu. Krimu za aina ile zinafuata kanuni ya zamani iliyomo kwenye kitabu rasmi cha dawa cha Uingereza. Asilimia 30 ya krimu ni marhamu ya msingi. Asilimia 30 ya marhamu hiyo ni nta ya emulsifaya. Asilimia 10 ya nta hiyo ni sodiamu lorili salfeti, nyingine yote ni alkoholi ya mafuta. Zidisha: asilimia 0.9 ya krimu nzima.

Nilipofika hapo nilitaka kufunga mjadala. Asilimia 0.9 ni nini mbele ya shampuu yenye sarfaktanti mara kumi ya hiyo au zaidi? Na ile ya kwenye krimu haiko huru. Nyingi imebanwa mpakani, au imefungwa kwenye ule wavu. Nilikuwa tayari kuandika kwamba woga wote ni kelele.

Kisha nikakutana na kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath, iliyochapishwa mwaka 2010. Waliwapa watu wenye ngozi yenye afya krimu hiihii waipake kwa wiki 4. Tabaka la juu kabisa la ngozi lilipungua unene kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, na maji yalivuja kupitia ngozi kwa wingi zaidi kuliko mwanzo. Mwezi Machi 2013 mamlaka ya dawa ya Uingereza, MHRA, ilitoa tahadhari kwamba krimu hiyo inaweza kuleta muwasho, hasa kwa watoto wenye ukurutu.

Yaani dawa ya ngozi kavu, iliyopakwa kwa nia njema, ilikuwa inaipunguza ngozi.

Kilichonipita ni muda. Shampuu ina sarfaktanti nyingi, lakini hukaa dakika moja au mbili, tena imechanganywa na maji ya bomba, kisha inaondoka. Krimu ina kidogo, lakini inakaa kutwa, na kesho inapakwa tena juu ya ile ya jana. Na ngozi ya mwenye ukurutu haikuwa ukuta mzima tangu mwanzo.

Ukuta wenyewe ni kitu cha kuheshimu. Tabaka hilo la juu ni jembamba, mikromita 10 hadi 20 sehemu nyingi za mwili, seli bapa zilizojaa keratini, protini ngumu ya ngozi, na kati yake mchanganyiko wa seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Molekuli yenye mkia unaopenda mafuta na kichwa chenye chaji hasi ina mawili ya kufanya humo: kuyayeyusha mafuta hayo, na kujishikiza kwenye keratini na kuivimbisha. Ule mkazo wa uso unaousikia baada ya kuosha kwa sabuni kali ni huo. Sodiamu lorili salfeti inafanya kazi hiyo kwa uhakika kiasi kwamba madaktari wa ngozi huitumia kama kiwasho cha kupimia: wakitaka kujua ngozi inavumilia kiasi gani, wanaipaka hiyo.

Je, basi, kambi ya kwanza ilikuwa sahihi? Nusu tu. Ndugu wa karibu wa salfeti hiyo, sodiamu lorethi salfeti, ana kichwa kikubwa zaidi na ni mpole zaidi. Na ukiichanganya salfeti na betaini, sarfaktanti nyingine inayotokana na mafuta ya nazi, zinaunda miseli za pamoja, kubwa zaidi, na molekuli zinazobaki huru, zile zinazopenya ngozini kirahisi, zinapungua. Mchanganyiko huo unawasha kidogo kuliko salfeti peke yake, ingawa jumla ya sarfaktanti imeongezeka. Anayesoma jina moja kwenye lebo na kutoa hukumu hataliona hili kamwe.

Chaji nayo inaweza kugeuzwa kuwa faida. Kondishena hutumia sarfaktanti zenye kichwa cha chaji chanya. Unywele ulioharibika una chaji hasi nyingi zaidi mahali palipoharibika, kwa hiyo molekuli hizo hujibandika palepale panapohitaji, mikia nje, na unywele unateleza. Hiyo ni sarfaktanti ambayo kazi yake nzima ni kugoma kuondoka.

## Kuhusu ile ya asili

Nimeulizwa, kwa sauti ya mtu aliyekwisha jibu: si bora ile ya nta ya nyuki tu?

Krimu ya nta ya nyuki, mafuta na maji huhesabiwa kuwa ya Galen, tabibu wa karne ya pili. Nta peke yake ni emulsifaya dhaifu; maji yake yalikuwa yakitoka na kukauka juu ya ngozi, na ndicho kilichokuwa kikipoza. Baadaye watengenezaji wakaongeza boraksi, na krimu ikatulia. Sababu ni kwamba nta ya nyuki ina asidi za mafuta zilizo huru, na boraksi, ambayo ni alkali, inazigeuza kuwa sabuni ndani ya sufuria. Sabuni halisi. Krimu ya bibi ilikuwa na sarfaktanti yenye chaji hasi, isipokuwa haikuandikwa kwenye lebo kwa sababu ilizaliwa humohumo.

Zipo emulsheni zisizo na sarfaktanti kweli. Mwaka 1907 Spencer Pickering, mkemia wa Uingereza, alieleza jinsi chembe ndogo za kitu kigumu zinavyoweza kukaa mpakani na kuyazuia matone yasiungane. Baadhi ya krimu za jua hutumia njia hiyo. Lakini "bila kemikali" iliyoandikwa kwa rangi ya majani mabichi mbele ya kopo haina uhusiano wowote na Pickering.

## Maji yakishakauka

Swali linalonishughulisha sasa ni krimu baada ya kupakwa. Dakika chache tu, maji ya nje yanakauka. Matone yanakaribiana, yanabanana, yanavunjika. Emulsheni niliyoisifia juu hapo haipo tena; imebaki mafuta, na emulsifaya iliyokuwa ikiyavisha, sasa imelala kwenye ngozi bila kazi.

Ila haijafa. Jasho likija, au maji ya kuoga, inapata tena pande zake mbili. Inaanza upya kuvisha mafuta yaliyo karibu, na karibu yake kuna ya krimu na ya ngozi pia. Ndiyo maana krimu ya jua yenye emulsifaya inayopenda maji sana huondoka na maji mapema, na watengenezaji wa krimu za kuogelea nazo huhamia upande wa alama ndogo za Griffin.

Njia nyingine ni kuchagua emulsifaya zinazofanana na mafuta ya ngozi, kwa mfano lesithini iliyoongezwa haidrojeni, ambayo hujipanga kwa tabaka na si kwa miseli, na maji yakirudi haina haraka ya kuondoka nayo. Krimu hizo ni ngumu kutengeneza na huwa hazina mtelezo wa kupendeza vidoleni. Nimeanza kutumia moja. Inanata kidogo asubuhi, na nguo nyeusi zinalalamika.